Tungule Marakaraka kwenye Vikapu vya Kuning'inia Hapa Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Veranda yangu iko Tudor, ghorofa ya pili, na kuanzia Juni mpaka Septemba pale juu huning'inia vikapu vinne vya mitungule, wengine huiita minyanya, yenye majani ya kijani yaliyorukiwa na krimu, kama mtu alichovya brashi kwenye chokaa akaikung'uta. Anaepita chini lazima asimame, na akisimama lazima aulize. Maswali ni yale yale kila mwaka kwa hivo nimeyaweka yote hapa pamoja. Kitu kimoja nataka mkishike kabla hamjaendelea: huu mmea kwa hapa kwetu unapandiwa majani kwanza, tungule zinakuja nyuma, na ukiushika msimu wa kusi unapata vyote viwili.

Hii ni tungule kweli ama ni ua tu linafanana?

Tungule kweli kabisa, ile ile ya Marikiti na Kongowea. Inatoa maua ya manjano, inazaa, na zikiiva ni nyekundu za mviringo, ndogo kuliko hizi tunazopimiwa sokoni. Tofauti iko kwenye majani. Kwenye katalogi za mbegu za Ulaya na Marekani huuzwa kwa jina la 'Variegated', na iko nyingine inaitwa 'Splash of Cream'. Mie naziita tungule marakaraka na jina limeshika mtaani.

Ila jueni mapema kwamba hii ni aina inayorefuka bila kusimama, haikuzalishwa kwa ajili ya vikapu kama zile fupi za 'Tumbler' ama 'Tumbling Tom' ambazo zenyewe huanguka pembeni bila kuambiwa. Hii utaielekeza kwa mkono wako.

Mbona majani meupe, huo si ugonjwa?

Hili huulizwa hata na watu waliolima tungule miaka, na wana haki ya kuuliza, manake kuna virusi vya mozaiki ambavyo navyo hutia jani mabaka. Shika jani uliangalie kwa karibu. Jani la marakaraka ni laini, limenyooka, umbo lake ni la jani la tungule la kawaida, na baka lake ni jeupe ama rangi ya krimu lenye mpaka unaouona kabisa, hapa kijani pale krimu. Jani la mozaiki limekunjamana, saa zingine limesinyaa likawa jembamba kama uzi, na rangi yake ni kijani kilichopauka kimechanganyika na manjano bila mpaka wa maana, halafu mmea mzima umedumaa. Ukiona hivo ung'oe, uutie kwenye mfuko, na unawe mikono kwa sabuni kabla hujagusa mwingine. Kama kuna mvuta sigara nyumbani, nae anawe, kwa sababu virusi vya mozaiki ya tumbaku vinaweza kutoka kwenye sigara vikapita vidoleni mpaka kwenye mmea.

Ile sehemu nyeupe haina klorofili, ile rangi ya kijani ambayo ndo inapika chakula cha mmea kwa jua. Kwa hivo nusu ya jani inafanya kazi na nusu nyingine inalishwa. Ndo sababu marakaraka hukua polepole, huzaa kidogo kuliko mtungule wa kijani, na huungua haraka. Ukilielewa hili moja mengine yote yatakaa sawa.

Mbegu nazipata wapi?

Kwenye agrovet za hapa mjini sijawahi kuzikuta. Watu wengi huzipata kwa mwenzao aliehifadhi za kwake, na hio ndo njia rahisi. Ukitaka kuagiza nje, kuingiza mbegu Kenya kunahitaji kibali cha KEPHIS, lile shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea kutoka kule zinakotoka. Najua kuna ndugu anaekuja likizo na pakiti ndani ya sanduku, lakini jamani, kile kipekecha tungule cha Tuta absoluta kilitoka Amerika ya Kusini kikaingia Kenya 2014, na kila mkulima anajua kilivomfanya. Fanyeni kwa njia iliyo sawa.

Nipande lini?

Hapa ndo pa kusoma mara mbili. Tungule hupenda mchana wa nyuzi 21 mpaka 27 na usiku wa 15 mpaka 20 hivi. Sisi usiku wa 15 hatuna. Februari na Machi mchana unafika 32, 33, na usiku hauteremki sana chini ya 24, mtu analala na feni usoni. Kwenye joto hilo chavua ya ua inakufa, ua linaanguka, na tungule iliyobahatika kushika haiivi vizuri, inabaki rangi ya chungwa kwa sababu ile rangi nyekundu haitengenezeki sawasawa joto likipita nyuzi 30. Na kuna lingine ambalo wapenda majani litawauma zaidi, mabaka yenyewe hufifia kwenye joto. Jani linalotoka Machi linakuja na vidoa tu. Jani la mmea ule ule linalotoka Julai linakuja limegawika nusu kwa nusu mpaka unalipigia picha.

Kwa hivo mie huatika mbegu mwisho wa Aprili mpaka katikati ya Mei, ndani, kwenye dirisha la jikoni, wakati masika yanamwagika nje. Mbegu huota siku 5 mpaka 10. Mwezi na kitu baadae, kwenye mwisho wa Juni, miche inaingia vikapuni. Maua yanafunguka Julai mwisho na Agosti, pale kusi limetulia na usiku unaanza kutafuta shuka. Tungule unachuma Septemba mpaka vuli inapoanza. Ukiatika Novemba kwa sababu umeona mvua, utapata mmea, lakini utachanua katikati ya kaskazi na hutakula kitu.

Vikapu niviweke upande gani wa nyumba?

Watu wote huniambia "weka mashariki," na mashariki ni kuzuri, jua la asubuhi la muda wa saa tano ama sita linatosha na mchana mmea unapumzika. Lakini angalieni kitu hiki. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta, kwa hivo kuanzia Machi mpaka mapema Oktoba jua la saa sita huwa limeegemea kaskazini, na Juni limeegemea sana. Veranda inayoangalia kusini miezi hio haipati jua la maana kabisa. Na upepo wa kusi nao unatoka huko huko kusini, unakuja na chumvi ya bahari unaichana mimea. Kwa hivo upande wa kaskazini wa nyumba, msimu wa kusi, unakupa jua na unakukinga upepo kwa pamoja. Nilikaa miaka miwili navipigania vikapu upande wa kusini kwa sababu ndo ulikuwa na nafasi, majani yanapasuka, mashina yanazunguka kama tiara, mpaka siku moja nilipovihamishia huu upande mwingine wa nyumba ile ile na kila kitu kikanyooka ndani ya wiki mbili.

Kama jua la mchana linapiga moja kwa moja, tundika kuti ama kipande cha neti juu, kuanzia saa sita mpaka saa tisa. Lile baka jeupe likiungua linakuwa kahawia na kukauka kama karatasi, na halirudi.

Walio Mji wa Kale kwenye vichochoro vyembamba, mkipata jua saa mbili kwa siku huo mmea utaishi lakini utanyong'onyea. Pandisheni darini.

Miche mingine imetoka meupe pe, kijani hakuna kabisa. Niifanyeje?

Hio itakufa, na huna kosa. Inaota kwa akiba iliyokuwa ndani ya mbegu, inasimama siku saba, kumi, mirembo ajabu, vijani viwili kama meno ya mtoto, halafu inaanguka kwa sababu haina kitu cha kujipikia. Mingine itatoka kijani tupu. Mingine ndo hio unayoitaka. Kwa hivo usiatike mbegu nne ukategemea mimea minne, atika kumi na tano ama ishirini.

Usiharakishe kuchagua pia. Vile vijani viwili vya kwanza saa zingine ni vya kijani na jani la tatu ndo linakuja na baka. Ngoja mpaka mche uwe na majani manne ya kweli. Mie huchagua ule wenye krimu kama theluthi moja ya jani, shina nene. Ule wenye weupe mwingi sana unavutia macho lakini kikapuni huchoka mapema.

Kikapu kiwe cha aina gani na ukubwa gani?

Upana wa sentimita 35, kina kirefu kadri utakavopata, ukijaza kinameza lita 10 na zaidi za udongo. Kidogo ya hapo kitakukausha. Mmea mmoja tu kwa kikapu, nasema mmoja, hata kama unaona nafasi. Pembeni unaweza kuchomeka kimche cha mrehani, mizizi yake haina fujo na ukipita unanukia, lakini asumini tafadhali iachieni chungu chake.

Ndoo ya rangi ya lita 10 iliyooshwa vizuri, ikatobolewa matundu sita saba chini kwa msumari wa moto, inafanya kazi sawa na kikapu cha duka. Kama hupendi sura yake ivishe pakacha. Dada yangu Kisauni hufanya hivo, hununua pakacha, anaitia ndoo ndani, na ukiangalia kwa chini huoni ndoo kabisa, unaona kuti lililosukwa na majani ya krimu yanateremka juu yake. Pakacha lenyewe bila ndoo litaoza kabla tungule hazijaiva.

Udongo je?

Usichote nje tu ukatia. Udongo wa kisiwani kwetu una mawe ya matumbawe na mchanga, na kikapuni unageuka saruji. Mie nachanganya sehemu moja udongo mwekundu, sehemu moja samadi iliyooza ikawa haina harufu tena, na sehemu moja makumbi ya nazi yaliyosagwa ama kuchanwa chanwa. Makumbi hufanya kikapu kiwe chepesi na yanashika maji.

Lakini hapa kwenye makumbi nilipata hasara ambayo sitaki mwengine aipate. Niliuziwa gunia la makumbi mazuri, laini, yashachanwa, nikajaza vikapu vyote vinne siku moja. Siku ya nne pembe za majani zikawa kahawia, ya sita mabaka meupe yote yamekauka, ya kumi nikabaki na vijiti. Makumbi ya yule muuzaji yalikuwa ni yale yaliyofukiwa pwani kwenye tope la bahari kutengenezewa usumba wa kamba, na chumvi yote iko ndani. Nilikuja kujua nilipochukua moja nikalionja kwa ncha ya ulimi. Sasa kila makumbi, hata ya nazi niliyoikuna mwenyewe, nayaloweka karai zima la maji baridi usiku kucha, namwaga, naloweka tena, mara tatu. Na kila mara naonja.

Maji ya kisima yanafaa?

Inategemea kisima. Tungule inastahimili chumvi zaidi kidogo kuliko mboga kadhaa, lakini kwenye kikapu chumvi haina pa kwenda, inabaki na kujikusanya mpaka unaona ukungu mweupe kwenye ukingo wa ndoo. Kama maji yako ya kuogea hayatoi povu la sabuni vizuri, basi usiyatumie peke yake.

Maji ya mfereji yakitoka ni bora, na yasipotoka wengi wetu tunanunua mtungi wa lita 20 wa mkokoteni, ambao kwanza muulize kijana ameyateka wapi. Mvua ya masika kingeni, kila ndoo mliyo nayo, halafu mfunike. Na wenye eisi, kile kiyoyozi cha ukutani, yale maji yanayodondoka kwenye bomba nje hayana chumvi hata chembe. Mie nimeweka mtungi chini ya eisi ya jirani kwa ruhusa yake na nachanganya nusu kwa nusu na ya mfereji.

Kiasi ni mpaka uone yanatoka chini. Julai mara moja asubuhi, lita moja ama moja na nusu. Jua likirudi kuwa kali, asubuhi na jioni. Tia kidole mpaka kwenye pingili ya pili, kukiwa kukavu mwagilia. Ama nyanyua kikapu kwa chini kwa kiganja, ukishazoea uzito hutahitaji kidole.

Wanaoishi karibu na ufuo, Nyali, Bamburi, Shanzu, siku kusi likivuma sana nyunyizieni majani maji matamu jioni kuosha chumvi.

Mbolea gani?

Kidogo kidogo. Kijiko cha chai kimoja, kisawazishe, cha mbolea ya NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawa kwa sawa) kila wiki mbili tatu, ukinyunyiza pembeni mbali na shina halafu mwagilia. Usiizidishe naitrojeni, msimwagie mbolea ya kuku mbichi, mmea utafumka kijani kitupu na mabaka yatakimbia, na kikapu kitajaa majani bila ua. Maua yakianza, mara moja moja badala ya NPK natia kijiko cha CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu ndani yake, kwa ajili ya hio kalsiamu, hasa sisi tunaotumia maji ya mvua na ya eisi ambayo hayana madini.

Nitaufanyaje uning'inie badala ya kusimama?

Subiri ufike sentimita 30 hivi, ukate kichwa juu ya jani la tano ama la sita. Utatoa machipukizi kwapani mwa majani, acha matatu, mengine yachomoe yakiwa madogo kama kidole. Hayo matatu yakirefuka yatainama yenyewe kwa uzito. Usiyalazimishe kuinama asubuhi yakiwa yamejaa maji kwa sababu yanavunjika "paa", yaelekeze jioni yakiwa yamelegea.

Pale shina linapopita kwenye ukingo ndo panapokatika. Upepo ukilisugua kwenye ukingo wa plastiki siku tatu unakuta lishakatwa nusu. Chukua kipande cha mpira wa maji wa zamani, upasue kwa urefu, uvishe ukingo mzima wa ndoo. Na kila tawi likianza kubeba tungule lifunge kwa kitambaa laini kwenye mnyororo ama kamba ya kikapu, ili uzito ubebwe na kamba.

Tawi moja limegeuka kijani kabisa, nilikate?

Likate, na mapema. Tawi la kijani lina nguvu kuliko wenzake wote kwa sababu jani lake lote linafanya kazi, ukiliacha mwezi mmoja litakuwa ndo mmea. Kata pale pale linapoanzia.

Na tawi likigeuka jeupe kabisa? Liache kama unalipenda, lakini likianza kunyauka likate nalo.

Maua yanaanguka bila kushika.

Kama ni miezi ya joto, jibu nimeshalitoa juu. Kama ni Agosti, basi tikisa. Ua la tungule lina dume na jike ndani yake lenyewe, linachohitaji ni kutikiswa chavua ianguke. Shambani upepo hufanya, na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa boriti hulivumia ua mpaka chavua inamwagika, lakini kwenye veranda ya ghorofani iliyokingwa upepo huenda hawafiki. Saa tatu saa nne za asubuhi gonga tawi kwa kidole nyuma ya kishada, mara mbili tatu, kila siku.

Tungule inaoza kitako, doa jeusi chini.

Hio ni kalsiamu haikufika kwenye tungule, na mara nyingi kalsiamu imo kwenye udongo ila maji yamekuja kwa vishindo, leo kukavu kesho mafuriko. Vikapu hukauka haraka ndo maana hili linapenda vikapu. Rekebisha umwagiliaji na zinazofuata zitakuwa salama. Maganda ya mayai hayatakusaidia msimu huu, yanachukua muda mrefu kuoza.

Wadudu?

Wabaya kwangu ni watatu. Inzi weupe, ambao ukigusa mmea wanaruka kama vumbi la unga, na hao ndo wanaoleta kile kirusi cha kukunja majani yakawa ya manjano, kikishaingia hakina dawa, unang'oa. Kata kipande cha plastiki ya manjano, kipake mafuta mazito, kitundike kati ya vikapu, watanasa. Halafu kuna utitiri mwekundu, unapenda kaskazi na ukavu, utaona vidoa vidogo na utando mwembamba chini ya jani, na kwenye jani la marakaraka ni vigumu kuvigundua mapema kwa sababu jani lenyewe lina madoa, kwa hivo geuza majani uangalie chini kila wiki. Na Tuta, viwavi wake wanachora njia nyeupe ndani ya jani. Hapa pia msichanganye, baka la mmea ni laini na limejaa, njia ya kiwavi ukiiinua kwenye mwanga unaona ni ngozi tupu na vinyesi vyeusi ndani. Jani hilo chuma uliponde.

Dawa yangu ya kwanza ni maji ya sabuni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, napiga chini ya majani. Ya pili mwarobaini, majani yaliyotwangwa yakalala kwenye maji usiku mmoja, yakachujwa. Zote jioni, jua limeshazama, na kwanza jaribu jani moja usubiri siku mbili, hivi vyeupe vina ngozi nyepesi.

Umenyauka ghafla wote na udongo una maji.

Kata shina karibu na udongo, lisimamishe kwenye glasi ya maji masafi, usitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Tupa mmea na udongo wake, usiutie kwenye mboji, osha ndoo kwa jiki. Huo udongo mara nyingi ulitoka mahali palipopandwa bilingani, pilipili ama viazi mbatata, ndo ukoo mmoja na tungule.

Kunguru wanazimaliza!

Nakuelewa kabisa. Hawa kunguru wetu weusi wenye kola ya kijivu hungojea tungule iwe nyekundu ndo waidonoe mara moja tu na kuiacha, na usumba wa kikapuni huuvuta wakajengee. Usingoje iive juu ya mti. Ikianza tu kubadilika rangi kule chini, chuma, iweke ndani kwenye sinia, siku nne tano itaiva na utamu haupotei. Kwenye joto letu hata rangi inatoka nzuri zaidi ndani ya nyumba kuliko juani.

Zinaliwa? Na majani?

Tungule zinaliwa kama zingine, mie hukatia kachumbari, na tukila pilau ya Ijumaa mama hukataa za sokoni anataka za juu. Kikapu changu kizuri mwaka uliopita kilinipa 23, kingine 9. Majani na mashina hayaliwi, yana sumu iitwayo tomatini ndani yake, na mbuzi wa mtaani asipewe mapogoleo.

Nikiweka sahani chini ya kikapu isidondoshee jirani?

Weka lakini imwage kila siku. Dengi Mombasa tumeiona zaidi ya mara moja, na yule mbu anaeuma mchana anataka kijimaji kidogo tu kama hicho.

Ndoano ya kawaida inatosha kubeba?

Kikapu kilicholowa kinafika kilo 12 na zaidi. Usikitundike kwenye bomba wala kwenye mbao ya roshani ya zamani ambayo hujaikagua. Na hewa yetu inakula chuma. Usiku mmoja wa Juni nilisikia kishindo, nikatoka, kikapu kiko chini kwenye njia ya watu wanaotoka msikitini alfajiri, ndoano imeliwa na kutu ndani pale isipoonekana. Alhamdulillahi ilikuwa saa nane za usiku. Tangu siku hio natumia chuma kisichoshika kutu, na kila kikapu kina kamba ya nailoni ya pili imefungwa penginepo, na mwanzo wa kila mwezi napanda ngazi nakagua kwa mkono.

Msimu ukiisha nahifadhi vipi?

Mbegu za hii unaweza kuhifadhi, na kwa kuwa tungule hujirutubisha yenyewe, ukiitenga kidogo na mitungule mingine hazitachanganyika na aina nyingine. Chagua tungule kutoka kwenye mmea wenye mabaka mazuri, iive kabisa, kamulia mbegu kwenye glasi na maji yake, funika kitambaa. Kwa joto letu siku mbili zatosha, ule ute unaoza na mbegu nzima zinazama. Osha, anika kivulini juu ya sahani, kwenye karatasi zitaganda. Ukishaona zimekauka tia kwenye chupa yenye mfuniko, iandike mwaka, weka frijini.

Lakini njia ninayoipenda ni vipandikizi. Mwisho wa Septemba, kabla joto halijarudi, kata chipukizi la sentimita 10 mpaka 15 kutoka kwenye lile tawi zuri kuliko yote, toa majani ya chini, lisimamishe kwenye glasi ya maji kivulini. Ndani ya siku kumi lina mizizi, na litakuja na sura ile ile ya mama yake, huna haja ya kuatika ishirini uchague moja. Kazi ni kulivusha kaskazi. Mie naliweka kwenye chungu kidogo dirishani jikoni, jua la asubuhi tu, kila likirefuka nakata kichwa nakipanda tena, halichanui wala silitaki lichanue. Litakuwa baya, litafifia mabaka, Machi litakuwa karibu kijani tupu na mtu atakwambia limekufa rangi. Liache. Mwisho wa Mei, usiku ukianza kupoa, jani jipya litakalotoka juu kabisa litakuja na krimu yake.